Auguste Piccard, profesa aliyepanda angani na kushuka baharini kwa hesabu moja ya uzito

Alizaliwa Basel, inchi ya Uswisi, tarehe 28 mwezi wa kwanza 1884, na akafa Lausanne, inchi hiyohiyo, tarehe 24 mwezi wa tatu 1962. Kati ya siku hizo mbili Auguste Piccard alifanya jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa amelifanya mbele yake: alipanda angani juu kuliko watu wote, kisha, akiwa mzee wa miaka 69, akashuka baharini chini kuliko wote pia. Wengi wanakumbuka mita za juu na mita za chini. Wachache wanakumbuka kwamba safari zote mbili zilisimama juu ya hesabu moja, ile ya kujua umebeba uzito gani na utauacha namna gani.

Hesabu hiyo leo ni somo la mwanzo la kila anayejifunza kupiga mbizi akiwa na chupa ya hewa mgongoni. Piccard hakuwa mpiga mbizi wa namna hiyo. Alikuwa profesa wa fizikia, mrefu, mwembamba, mwenye shingo ndefu na nywele zilizokwenda kila upande. Lakini shida alizopambana nazo zilikuwa zilezile za mpiga mbizi, ila kwa tani pahali pa kilo.

Pacha wa Basel

Baba yake, Jules Piccard, alikuwa profesa wa kemia katika mji wa Basel. Auguste alizaliwa pamoja na pacha wake, Jean Felix, na wote wawili wakaenda kusoma Zurich: Auguste ufundi wa mashini, Jean kemia. Wote wawili walipenda maputo makubwa yanayobeba watu. Jean alihamia Marekani, na mwaka wa 1934 yeye na mke wake Jeannette walipanda mpaka mita 17,550. Jeannette ndiye aliyeongoza puto siku ile, jambo ambalo magazeti ya wakati huo hayakulizoea.

Akiwa bado mwanafunzi Zurich, Auguste alisoma habari za meli ya Ujerumani iitwayo Valdivia, iliyozunguka bahari mwaka wa 1898 na 1899 kutafuta viumbe vya vilindini. Nyavu zake zilileta samaki wa ajabu, wengine wenye kutoa mwangaza wao wenyewe, lakini walifika juu wakiwa wamekufa au wamepasuka. Kijana Piccard akajiuliza kwa nini mtu asiwafuate kulekule chini, ndani ya chumba cha chuma chenye dirisha. Kwa hiyo wazo la bahari lilimjia mapema, kabla ya umaarufu wake wa angani. Lilingoja miaka zaidi ya 40 kwa sababu hakukuwa na pesa, na kwa sababu hakukuwa na jibu la swali moja: chumba kizito hivyo, kikisha kufika chini, kitarudije juu?

Mwaka wa 1922 alipata kazi ya kufundisha fizikia kwenye chuo kikuu cha Bruxelles. Kongo yetu ilikuwa bado koloni ya Ubelgiji. Mwaka wa 1928, kwa msukumo wa mfalme Albert wa kwanza, Wabelgiji waliunda mfuko wa taifa wa utafiti wa kisayansi, unaojulikana kwa herufi zake za Kifaransa, FNRS. Mfuko huo ndio uliolipia kazi za Piccard, na yeye akaandika herufi zake juu ya puto lake, na baadaye juu ya chombo chake cha baharini.

Saa 17 angani

Piccard alitaka kupima miale inayotoka mbali sana angani, ambayo hewa ya chini inaizuia. Ilibidi apande karibu kilomita 16. Huko hewa ni nyepesi sana, karibu sehemu moja ya kumi ya ile tunayovuta chini, na mtu aliye wazi anazimia na kufa kwa dakika chache. Akatengeneza mpira wa aluminiamu wenye upana wa mita 2.1, uliofungwa kabisa, na kuutundika chini ya puto la hidrojeni lenye ujazo wa mita za kibiki zaidi ya 14,000.

Wakati wa kuondoka, puto hilo lilitiwa gesi kidogo tu, likawa limelegea kama gunia lisilojaa. Hilo halikuwa kosa. Gesi hupanuka kadiri mgandamizo wa nje unavyopungua, na puto lililojazwa chini lingepasuka juu. Msomaji akumbuke jambo hili, maana litarudi tutakapofika majini.

Mapema asubuhi ya tarehe 27 mwezi wa tano 1931, Piccard na msaidizi wake Paul Kipfer waliondoka Augsburg, Ujerumani. Kichwani walivaa vikapu vilivyogeuzwa na kutiwa mito ndani, ndizo kofia zao za usalama. Kwa muda wa karibu nusu saa walikuwa wamepita kilomita 15. Tundu lilikuwa limetoboka kwenye kuta za chumba, hewa ikitoka kwa mlio, na Piccard akaliziba kwa katani na vazelini. Walifika mita 15,781.

Kisha wakashindwa kurudi. Kamba ya kufungulia gesi ilikuwa imekwama. Vitu vya kutupa nje ili wapande walikuwa navyo, yaani punje za madini ya risasi, yale yanayotiwa ndani ya batri za motokari. Njia ya kujifanya wazito ili washuke hawakuwa nayo. Jua lilipiga chumba, joto likapanda, maji ya kunywa yakawa haba, na hewa waliyoibeba ikawa inapungua saa baada ya saa. Huku chini watu walianza kuwahesabu kuwa wafu. Hawakuwa na la kufanya isipokuwa kungoja jua lishuke, gesi ipoe na kusinyaa. Baada ya saa karibu 17 puto likatua usiku juu ya barafu ya milima ya Austria, karibu na kijiji cha Obergurgl. Walilala kwenye barafu, na asubuhi wakaanza kushuka kwa miguu.

Mwaka uliofuata, tarehe 18 mwezi wa nane 1932, alirudia safari pamoja na Max Cosyns na kupita mita 16,200. Magazeti yalihesabu hiyo kuwa ushindi mkubwa zaidi. Kwa maoni yetu, ile ya kwanza ndiyo iliyomfundisha zaidi. Kamba moja iliyokwama ilimwonyesha kwamba njia ya kurudi haitakiwi kutegemea kitu ambacho lazima kifanye kazi.

Bidoni ya esanse

Wakati Piccard anahangaika na anga, Wamarekani wawili, William Beebe na Otis Barton, walishuka kwenye bahari ya Bermuda ndani ya mpira wa chuma uliotundikwa kwenye kamba ndefu ya chuma. Mwaka wa 1934 walifika mita 923. Kazi ya ujasiri, lakini kamba ingekatika, hakuna ambaye angewapata. Na kamba yenyewe, ikiwa ya kilomita kadhaa, inakuwa na uzito wa kutisha.

Piccard aliitupa kamba kabisa. Alisema moyoni kwamba bahari ni anga nyingine, na chombo chake kiwe puto la majini: chumba kizito chini, na juu yake kitu chepesi cha kukiinua. Kitu gani? Hewa haiwezi, maana hewa inabanwa. Ukishuka mita 10 tu majini, mgandamizo unakuwa mara mbili ya ule wa juu, na hewa inabaki nusu ya ujazo wake. Kwenye kilomita tatu ingebaki karibu si kitu, na tangi lenye kuta za kuizuia isibanwe lingekuwa zito kama chumba chenyewe.

Jibu lake linaeleweka na kila mtu aliyeuza esanse kando ya barabara ya Goma au Uvira. Bidoni iliyojaa esanse, ukiitupa ziwani, inaelea. Lita moja ya maji ina uzito wa karibu kilo moja, lita moja ya esanse ina karibu gramu 700 tu. Kila lita ya esanse inayozamishwa baharini inainua karibu gramu 300. Hiyo ni kanuni ya Archimedes, Mgiriki wa miaka zaidi ya 2,200 iliyopita: kitu kilicho ndani ya maji kinasukumwa juu kwa nguvu sawa na uzito wa maji kiliyoyaondoa pahali pake. Piccard alichukua lita karibu 30,000 za esanse, akapata nguvu ya kuinua ya zaidi ya tani 9. Na kwa kuwa esanse ni kiowevu na haibanwi sana, tangi halikuhitaji kuta nene. Liliachwa wazi upande wa chini ili maji ya bahari yaingie kidogo, na mgandamizo wa ndani ukawa sawa na wa nje.

Chumba cha watu ndicho kilichokuwa kinene: mpira wa chuma wenye upana wa mita 2 ndani na kuta za sentimita 9, uzito wa tani kama 10, uliotengenezwa Ubelgiji. Madirisha yalikuwa ya pleksiglasi yenye umbo la pia, pana upande wa nje, ili maji yenyewe yalibane na kuliziba.

Namna ya kurudi ndiyo inayoonyesha kwamba somo la mwaka wa 1931 halikupotea. Uzito wa kushusha chombo ulikuwa punje za chuma, zikiwa ndani ya mapipa yaliyo wazi chini. Kilichozizuia zisianguke kilikuwa sumaku ya umeme. Umeme ukikatwa, kwa kusudi au kwa bahati mbaya, punje zinaanguka zenyewe na chombo kinapanda. Batri ikifa, unapanda. Waya ikikatika, unapanda. Hakuna kamba ya kukwama.

Alichofanya kwa tani, mpiga mbizi anafanya kwa kilo

Esanse ilikuwa na kasoro moja. Ingawa inabanwa kidogo, inabanwa kuliko maji, na kule chini kwenye baridi inasinyaa zaidi. Kwa hiyo chombo cha Piccard, kadiri kilivyoshuka, kilipoteza sehemu ya nguvu yake ya kuelea na kuzidi kuwa kizito. Kingeachwa hivyo, kingeongeza mwendo mpaka kujigonga chini. Ilibidi mwongozaji aachie punje za chuma kidogo kidogo njiani.

Mpiga mbizi wa leo anakutana na jambo hilohilo. Nguo yake ya mpira imejaa vitundu vya hewa, na juu inamwelesha sana, ndiyo sababu anavaa mkaba wenye vipande vya risasi. Akishuka, vitundu vinabanwa, nguo inakuwa nyembamba, na ule uzito uliokuwa sawa juu unakuwa mwingi chini. Anatia hewa kidogo kwenye gileti yake ili asimame katikati ya maji bila kuzama wala kupanda. Akianza kupanda, hewa ya gileti inapanuka kama puto la Augsburg, na asipoitoa inamvuta juu kwa nguvu. Kupanda mbio kunaua: hewa ya mapafu inapanuka, na gesi iliyoingia katika damu inageuka mapovu.

Waalimu wa mbizi wanasema makosa mengi yanaanzia kwenye mkaba uliozidi uzito. Mwanafunzi anaogopa kushindwa kuzama, anaongeza kilo mbili, tatu. Halafu inambidi ajaze gileti kufidia, na hewa nyingi ndani ya gileti maana yake ni hewa nyingi ya kupanuka na kubanwa kwa kila mita. Anachoka, anavuta hewa mbio, chupa inakwisha mapema. Aliye mwepesi mno naye ana shida yake: mwisho wa safari, anapotakiwa kutulia dakika chache kwenye mita 5, anaelea kama kizibo. Na mwisho wa safari ndipo mtu anapokuwa mwepesi zaidi, maana hewa nayo ina uzito. Chupa ya lita 12 iliyojazwa mgandamizo wa bar 200 ina hewa ya karibu kilo 3, na sehemu kubwa ya kilo hizo imekwisha kuvutwa. Ndiyo maana kipimo kizuri kinafanywa na chupa iliyobaki na hewa kidogo: gileti tupu, pumzi ya kawaida, na maji yafike kwenye usawa wa macho.

Kwa sisi tulio karibu na Ziwa Kivu na Tanganyika kuna nyongeza. Maji ya bahari yana chumvi na yanainua zaidi. Mtu anayefikia kilo 100 pamoja na vyombo vyake, akitoka baharini kuja kwenye maji yetu yasiyo na chumvi ya bahari, inampasa apunguze kilo mbili hivi kwenye mkaba. Na kifungo cha mkaba huo kimetengenezwa kifunguke kwa mkono mmoja. Ni sumaku ya Piccard kwa namna nyingine.

Mwaka wa aibu

Ujenzi wa chombo ulianza mwaka wa 1937, vita vikausimamisha, na ni mwaka wa 1948 tu ndipo FNRS-2 ilipobebwa na meli ya Ubelgiji Scaldis mpaka bahari ya Afrika ya Magharibi, upande wa Dakar na visiwa vya Cape Verde. Piccard alikiita batiskafu, kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya mashua ya kilindi. Kapiteni wa wanamaji wa Ufaransa Jacques Cousteau alikuwepo na wapiga mbizi wake, wakizunguka chombo kwa vifaa vipya vya kupumulia ambavyo yeye na Émile Gagnan walikuwa wamevitengeneza miaka mitano mbele. Namna mbili za kushuka majini zilikutana pale pahali pamoja.

Piccard na mtaalamu Théodore Monod walishuka kwanza mita 25 tu, kwa kujaribu. Kisha chombo kikatumwa peke yake, bila mtu, kikiwa na saa ya kuachia uzito. Kilifika mita 1,380, karibu na kina cha mwisho cha Ziwa Tanganyika, na kikarudi juu. Hesabu ilikuwa ya kweli. Lakini mawimbi yalikuwa makali, mipira ya kunyonyea esanse haikuweza kufungwa, na ikabidi esanse imwagwe baharini. Tangi jembamba likapigwa na maji mpaka likaharibika. Magazeti mengi yaliandika kwamba mradi umeshindwa.

Ni vigumu kusoma habari hizo leo bila kuona ubaya wake. Kilichovunjika ni tangi la bati, ambalo halikutengenezwa kwa kukokotwa. Kilichotakiwa kuhakikishwa, yaani kushuka na kurudi bila kamba, kilikuwa kimehakikishwa. Lakini pesa za Ubelgiji zilikwisha, chumba cha chuma kikapewa wanamaji wa Ufaransa watengeneze chombo kipya, FNRS-3, na profesa akabaki mshauri tu juu ya wazo lake mwenyewe.

Trieste

Mwanawe Jacques, aliyesoma uchumi, ndiye aliyemtafutia njia nyingine. Mji wa Trieste na viwanda vya Italia vilikubali kusaidia. Chombo kipya, kilichopewa jina la mji huo, kilikuwa na tangi la esanse lenye nguvu zaidi, la lita zaidi ya 80,000, na kiliingizwa majini tarehe 1 mwezi wa nane 1953 karibu na Napoli. Wafaransa walikuwa wamekwisha kuanza kushuka na FNRS-3. Sasa mzee alishindana na mtoto wake wa kwanza.

Tarehe 30 mwezi wa tisa mwaka uleule, karibu na kisiwa cha Ponza, baba na mwana walijifungia ndani ya mpira wa chuma na kushuka mita 3,150. Kila sentimita moja ya mraba ya ukuta ilibeba uzito wa zaidi ya kilo 300. Walifika chini, wakaachia chuma, wakapanda. Wafaransa Georges Houot na Pierre Willm waliwapita mwezi wa pili 1954, mita 4,050 mbele ya Dakar. Nao walitumia esanse, punje za chuma na sumaku.

Mwaka wa 1958 wanamaji wa Marekani walinunua Trieste na kuitilia mpira wa chuma wenye nguvu zaidi. Tarehe 23 mwezi wa kwanza 1960, Jacques Piccard na luteni Don Walsh walishuka kwenye shimo la Mariana, bahari ya Pasifiki, mpaka karibu mita 10,916. Kushuka kulichukua karibu saa tano. Walipopita mita 9,000 walisikia mlio mkubwa. Kipande cha pleksiglasi kwenye njia ya kuingilia kilikuwa kimepata ufa. Walikaa chini dakika 20, wakakata umeme wa sumaku, na kupanda kukachukua saa tatu na zaidi. Auguste alikuwa bado hai Uswisi, siku tano mbele ya kutimiza miaka 76.

Wasomaji wengi wa Kongo wamemwona bila kujua. Hergé, mchoraji wa Tintin, ambaye kwetu anakumbukwa pia kwa kitabu kilichotuchora vibaya, alikuwa akimwona profesa huyo Bruxelles, na kutoka kwake akamtengeneza profesa Tournesol. Alimfanya mfupi tu ili aenee ndani ya picha. Tournesol anaingia mara ya kwanza katika hadithi ya hazina ya Rackham, iliyotoka 1943, akiwa na chombo cha majini chenye umbo la papa.

Jean Felix, yule pacha, alikufa Marekani tarehe 28 mwezi wa kwanza 1963, siku yao ya kuzaliwa, miezi kumi baada ya ndugu yake. Mwaka wa 1999 mjukuu wa Auguste, Bertrand, alizunguka dunia kwa puto bila kutua, pamoja na Mwingereza Brian Jones. Trieste iko leo ndani ya jumba la makumbusho la wanamaji mjini Washington, na FNRS-3 iko Toulon, inchi ya Ufaransa, nje, pahali ambapo wapita njia wanaweza kuiona.